Jinsi ya Kujua Kama Umepunjwa Kwenye Pakiti, na Hatua za Kuchukua

Mwaka juzi nilinunua katoni ya krispi za viazi kwa ajili ya mahafali ya mtoto wa dada yangu. Kila pakiti iliandikwa gramu 30 na bei yake ilikuwa shilingi 500. Mtoto mmoja alizimimina zake kwenye kiganja, akazitazama, kisha akaniuliza, "Mjomba, ndizo hizi tu?" Jioni ile nilizichukua pakiti kumi zilizosalia nikaenda kwa jirani yangu anayeoka keki, ambaye ana mizani ndogo ya kupimia hamira na unga wa kuumulia. Tulipomaliza kupima na kutoa uzito wa vifungashio, hakuna hata pakiti moja iliyofika gramu 30. Wastani wake ulikuwa gramu 25.4, na tatu kati yake zilikuwa na gramu 24 tu.

Yanayofuata ni yale niliyojifunza kuanzia siku hiyo, kwa kupima, kuuliza na kuandika barua. Nayaandika kwa sababu watu wengi wanaolalamikia pakiti tupu wana haki ya kulalamika, lakini malalamiko yao hayafiki popote kwa kukosa namba.

Tenganisha kwanza mambo matatu

Neno la Kiswahili kwa jambo hili ni la zamani kuliko pakiti za plastiki: kupunja. Anayepunja ni yule anayetoa kipimo pungufu huku akipokea malipo kamili. Hata hivyo, siku hizi neno hilo hutumika kwa mambo matatu yaliyo tofauti, na asiyeyatenganisha hupeleka lalamiko lake mahali pasipohusika akarudi mikono mitupu.

La kwanza ni pakiti kubwa iliyojaa hewa, ambayo pamoja na hewa hiyo ina uzito uleule ulioandikwa juu yake. La pili ni mtengenezaji kupunguza uzito waziwazi, tuseme kutoka gramu 30 hadi gramu 25, akabadilisha na maandishi ya uzito, lakini akaiacha bei na sura ya pakiti kama zilivyokuwa ili mnunuzi asishtuke. La tatu ni pakiti iliyoandikwa gramu 30 huku ndani mkiwa na gramu 24. Jambo la kwanza linaudhi, ila mara nyingi lina sababu ya kitaalamu. La pili linaumiza mfuko, lakini kwa kawaida si kosa mbele ya sheria, na kinga yake ni hesabu pamoja na uamuzi wako wa kununua kitu kingine. La tatu ndilo kupunja kwenyewe, na nchini Tanzania ndilo linaloangukia chini ya Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inayosimamiwa na Wakala wa Vipimo.

Kuhusu hewa iliyomo ndani

Krispi ni vipande vyembamba vilivyokaangwa kwa mafuta. Mafuta hayo yakikaa na oksijeni huharibika na kutoa harufu mbaya, na vipande vyenyewe vikibanwa huvunjika vikawa chengachenga. Kwa hiyo viwandani hewa ya kawaida huondolewa na pakiti hujazwa gesi ya nitrojeni, ambayo haiharibu mafuta na ambayo huiwezesha pakiti kuvimba na kuvilinda vipande dhidi ya mikikimikiki ya lori. Aidha, krispi zikishamiminwa hujipanga upya na kushuka chini kadiri zinavyotikiswa njiani, ndiyo maana pakiti iliyoonekana kujaa kiwandani huonekana nusu ikifika dukani. Gesi hiyo haiongezi uzito wa maana kwenye mizani.

Kuvimba nako kusikudanganye, kwani pakiti iliyofungwa Dar es Salaam, kwenye usawa wa bahari, ikifikishwa Mbeya, mji ulio kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,700, huvimba zaidi kwa kuwa mgandamizo wa hewa ya nje huko ni mdogo. Mtu wa Mbeya anayebonyeza pakiti na kuiona imetuna hajajua chochote kuhusu kilichomo.

Pamoja na hayo, sikubali hoja ya hewa itumike kwa kila bidhaa. Biskuti zilizopangwa ndani ya trei ya plastiki haziwezi kujitetea kwa nitrojeni pale trei inapokuwa na nafasi tupu kila upande, au pale sehemu ya chini ya boksi inapoinuliwa ili boksi lionekane refu. Huko ni kumdanganya mnunuzi kwa umbo, hata kama uzito ulioandikwa ni sahihi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kuwapotosha walaji, na mahali pa kupeleka lalamiko la namna hiyo ni Tume ya Ushindani.

Jinsi ya kupima nyumbani

Unahitaji mizani ya kidijiti ya jikoni. Kwa mkate, unga au sukari, mizani inayosoma gramu moja moja inatosha. Kwa pakiti ndogo za gramu 20 au 30, tafuta inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, kwa sababu kwenye pakiti ndogo kila gramu ina uzito mkubwa katika hesabu. Kama huna, azima kwa mtu anayeoka keki, ambaye kwa kawaida huitunza mizani yake vizuri.

Kabla ya kumtuhumu mtu, ihakiki mizani yenyewe. Nunua duka la dawa bomba la sindano la mililita 10, weka kikombe kitupu juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha uingize maji safi bomba moja baada ya jingine. Kila mililita ya maji ina uzito wa takriban gramu moja, kwa hiyo mabomba matano yasomeke karibu na gramu 50. Yakisomeka 46 au 54, mizani hiyo haifai kwa kazi hii. Iweke juu ya meza ngumu iliyo sawa na uzime feni, kwa maana upepo wa feni unatosha kuchezesha namba za mwisho.

Sasa tafuta kwenye pakiti maneno "uzito halisi". Huo ni uzito wa chakula peke yake, bila karatasi, plastiki wala trei, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kuipima pakiti nzima na kuridhika. Kifungashio cha krispi zangu kilikuwa na gramu 2. Anayepima bila kuzitoa angeamini kwamba pakiti ya gramu 25 ina gramu 27. Kwa bidhaa zilizolowekwa kwenye maji au mchuzi, kama mahindi au maharage ya kopo, angalia pia kama pameandikwa uzito baada ya kuchuja, kwa sababu huo ndio unaokueleza kiasi cha chakula chenyewe.

Usipime pakiti moja ukatoa hukumu. Mashine za kujaza hutofautiana kidogo kutoka pakiti hadi pakiti, na sheria za vipimo hulizingatia hilo. Chukua pakiti kumi zenye namba moja ya toleo na tarehe moja ya kutengenezwa, uzipime zote zikiwa zimefungwa, kisha ufungue mbili au tatu, ufute mafuta na chenga, na upime vifungashio vitupu. Wastani wa vifungashio hivyo utautoa kwenye uzito wa kila pakiti iliyobaki. Faida ya njia hii ni kwamba unabaki na pakiti saba au nane ambazo hazijafunguliwa, na hizo ndizo ushahidi wako. Pakiti iliyofunguliwa haimshawishi mtu yeyote, kwa sababu hakuna awezaye kujua nini kimeliwa.

Ni upungufu wa kiasi gani unaostahili kulalamikiwa? Shirika la kimataifa la vipimo vya kisheria, OIML, limetoa mwongozo katika pendekezo lake namba R 87, na ni vizuri kuufahamu kwa kuwa unakuonyesha namna wataalamu wanavyofikiri. Kwa bidhaa isiyozidi gramu 50, upungufu unaovumilika katika pakiti moja ni asilimia 9. Kuanzia gramu 50 hadi 100 ni gramu 4.5, kuanzia 100 hadi 200 ni asilimia 4.5, kuanzia 200 hadi 300 ni gramu 9, kuanzia 300 hadi 500 ni asilimia 3, na kuanzia 500 hadi kilo moja ni gramu 15. Lakini uvumilivu huo hauwi ruhusa ya kupunguza, kwa sababu wastani wa shehena nzima hautakiwi kuwa chini ya uzito ulioandikwa, na pakiti yoyote iliyopungua kwa zaidi ya mara mbili ya kiwango kile huhesabiwa kuwa haifai kabisa. Zitazame krispi zangu kwa kipimo hicho. Asilimia 9 ya gramu 30 ni gramu 2.7, kwa hiyo pakiti iliyo chini ya 27.3 tayari ina kasoro, na iliyo chini ya 24.6 imevuka mpaka wa mwisho. Zangu tatu zilikuwa huko, na wastani wa zote haukukaribia 30.

Kumbuka pia kwamba vyakula vingine hupoteza maji vikikaa. Mkate uliopoa rafuni kwa siku mbili unaweza kupungua gramu kadhaa bila mtu yeyote kuudokoa. Upime siku ya kuununua.

Jinsi ya kuikamata bei iliyojificha

Jambo la pili, lile la kupunguza uzito waziwazi, linahitaji kalamu zaidi kuliko mizani. Chanzo chake kinaeleweka. Mafuta ya kupikia na ngano vilipopanda bei duniani, hasa baada ya vita vya Ukraine kuanza Februari 2022, viwanda vililazimika ama kuongeza bei ama kupunguza kiasi. Katika maduka yetu ya mtaani bei za vitafunwa hufuata sarafu na noti: 200, 500, 1,000. Mwenye duka hawezi kuuza pakiti kwa shilingi 570 akapata chenji ya kurudisha, na mtoto aliyetumwa na sarafu ya 500 atarudi nayo. Hivyo bei inasimama pale pale na gramu ndizo zinazoshuka. Naielewa sababu hiyo, ila sikubali kufichwa.

Kufichwa kwenyewe kuna alama zake. Pakiti hupewa rangi mpya na maneno kama "muonekano mpya" au "ladha mpya" katika msimu uleule ambao uzito umepungua. Boksi hubaki na urefu na upana wake lakini huwa jembamba kwa unene, kwa kuwa rafuni tunaona uso tu. Mwaka 2016 nchini Uingereza, chokoleti ya Toblerone ya gramu 170 ilishushwa hadi gramu 150 kwa kupanua mianya kati ya pembe zake, na ile ya gramu 400 ikawa gramu 360, huku urefu wa mche ukibaki uleule. Wanunuzi waliligundua hilo kwa sababu mianya ilionekana kwa macho. Biskuti mbili zilizoondolewa mwishoni mwa pakiti hazionekani.

Dawa yake ni kuhesabu bei ya kila gramu 100. Gawanya bei kwa gramu, kisha zidisha kwa 100. Pakiti ya gramu 30 kwa shilingi 500 ni takriban shilingi 1,667 kwa gramu 100. Ikishushwa hadi gramu 25 kwa bei ileile inakuwa shilingi 2,000. Angalia kilichotokea hapo: uzito umeshuka kwa sehemu moja ya sita, lakini bei ya kila gramu imepanda kwa sehemu moja ya tano. Hasara ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye uzito, na hivyo ndivyo ilivyo kila mara uzito unapopungua bei ikasimama. Hesabu hiyohiyo itakuonyesha kama pakiti kubwa kweli ni nafuu. Wengi huamini kwamba kubwa siku zote ina unafuu, nami nimekuta mara kadhaa pakiti ndogo mbili zikiwa na gramu nyingi kuliko kubwa moja ya bei hiyohiyo.

Weka daftari dogo jikoni, au picha kwenye simu, zenye tarehe, jina la bidhaa, uzito ulioandikwa na bei. Usitupe kifungashio cha zamani cha bidhaa unayonunua mara kwa mara. Kipige picha upande wenye uzito. Bila kumbukumbu hiyo, baada ya miezi sita utabaki na hisia tu kwamba kitu kimepungua, na hisia haibishani na mtu. Nchini Ufaransa serikali imewabebesha wenye maduka makubwa kazi hii: tangu tarehe 1 Julai 2024, bidhaa ambayo uzito wake umepunguzwa na bei ya kipimo chake ikapanda lazima iwekewe tangazo karibu nayo kwa muda wa miezi miwili. Ningependa kuona kanuni kama hiyo kwetu. Kwa sasa daftari la mlaji ndilo tangazo lake.

Kuhusu mandazi na chipsi

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini siwasemi akina mama wanaouza mandazi, ambayo nayo yamekuwa madogo, au vijana wa chipsi ambao sahani yao haijai tena. Sababu yangu ni hii: andazi unaliona kabla ya kulipa. Unaweza kulilinganisha na la jana, unaweza kwenda kibanda cha pili, na unaweza kumwambia, "Mama, leo umenipunguzia," naye akakueleza bei ya mafuta au akakupa nyongeza. Makubaliano yenu yako mezani. Mnunuzi wa pakiti iliyofungwa hana macho wala nyongeza. Anachonunua ni ile namba iliyoandikwa, na ikiwa ya uongo hana kinga nyingine. Ndiyo maana naitaka namba hiyo iheshimiwe kuliko kitu kingine chochote kwenye pakiti.

Jinsi ya kulalamika

Anza kwa mwenye duka, kwa heshima. Si yeye anayejaza pakiti, naye hununua kwa katoni kwa kuamini maandishi yaleyale unayoyaamini wewe, hivyo yeye pia amepunjwa, tena mara nyingi zaidi. Mwombe muipime katoni nyingine pamoja. Mwenye duka wangu alipoona namba, yeye mwenyewe ndiye aliyenipa jina la wakala aliyemletea mzigo.

Kisha mwandikie mtengenezaji, ambaye jina na anwani yake vimo kwenye kifungashio. Barua iwe fupi na isiyo na matusi, kwa mfano: "Tarehe fulani nilinunua katika duka fulani katoni ya bidhaa yenu yenye namba ya toleo fulani. Uzito ulioandikwa ni gramu 30. Nimepima pakiti kumi kwa mizani niliyoihakiki, na wastani wa uzito halisi ni gramu 25.4, nyepesi kuliko zote ina gramu 24. Pakiti nane ninazo zikiwa bado zimefungwa. Naomba maelezo ya maandishi ndani ya siku 14, na baada ya hapo nitawasilisha suala hili kwa Wakala wa Vipimo." Ambatisha picha za pakiti ikiwa juu ya mizani, stakabadhi ya manunuzi, na jedwali la vipimo vyote kumi, vizuri na vibaya. Ukiacha pakiti zilizotimia na kutaja pungufu peke yake, utakuwa umepunja ukweli.

Usipojibiwa, nenda ofisi ya Wakala wa Vipimo ya mkoa wako. Wakala huo ulianzishwa mwaka 2002, na ndio huohuo unaopambana na lumbesa zinazowapunja wakulima wetu wa viazi na vitunguu kwa magunia yaliyojazwa kupita kiasi. Maofisa wake wana mamlaka ya kukagua bidhaa zilizofungashwa, dukani na kiwandani, kwa mizani iliyohakikiwa, na kipimo chao ndicho kinachosimama mbele ya sheria. Chako kazi yake ni kuwaonyesha pa kuanzia. Wape namba ya toleo, kwa maana bila hiyo watapima pakiti zisizo zile. Kama tatizo si uzito bali chakula kimeota ukungu au kimepita tarehe ya matumizi, hilo ni la Shirika la Viwango Tanzania, TBS.

Msomaji aliye Kenya atatumia Sheria ya Vipimo, Sura ya 513, na maofisa wa vipimo wa kaunti yake, na anaweza kutaja katika barua yake Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010, inayompa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha na ya kupata taarifa anazohitaji ili anufaike nazo.

Nakusihi usikimbilie kuitaja kampuni mitandaoni kabla ya hatua hizi. Mizani yako inaweza kuwa na kasoro, katoni yako inaweza kuwa ya bandia, na nchini Tanzania Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamwadhibu anayesambaza taarifa za uongo. Barua yenye vipimo kumi ina nguvu zaidi, na haikuweki hatarini.

Barua yangu ilijibiwa siku ya kumi na moja. Walikiri kwamba mashine moja ya kujaza ilikuwa imepoteza marekebisho yake, wakaomba namba ya toleo, na wakanipelekea katoni nyingine dukani. Niliipima hiyo nayo, pakiti kumi kama mwanzo, mbele ya mwenye duka. Wastani ulikuwa gramu 30.3, nyepesi kuliko zote ikiwa na gramu 29. Niliziandika namba hizo kwenye ukurasa uleule wa daftari, chini ya zile za kwanza.